Beji na Chupa ya Chai

Mama aliposikia kazi yangu ni kupiga picha za mifupa
hakuuliza mshahara.
Aliuliza: hiyo mionzi, mkishaizima, inakwenda wapi?

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa,
konda wa basi la Tukuyu hunishushia pale Uyole
mfuko wa salfeti:
matunda damu ndani ya majani ya mgomba,
mnafu wa nyuma ya jiko, mchungu kama kuambiwa ukweli,
na chai ya shamba letu la Kyimo,
majani mawili na chipukizi, si zaidi.
"Inywe kavu," huagiza kwenye simu.
"Maziwa yanaifunga mikono."

Mimi nina aproni ya risasi, nzito kama mtoto aliyelala.
Nina ukuta, nina kioo kinene,
nina beji kifuani inayohesabu nisichokiona
na kila miezi mitatu huchukuliwa ikasomwe.
Nilicheka. Chai, mama? Mbele ya mionzi?

Usiku mmoja wa zamu, Loleza umejifunika ukungu,
hakuna aliyevunjika,
nikafungua daftari la chuo.
Mwale hupita mwilini, hupasua maji,
na maji yaliyopasuka huzaa chembe isiyo na mwenza,
nayo haiombi. Inapora.
Aliyeporwa anampora jirani, jirani anampora wa pili,
mtaa mzima unaamka uchi
mpaka wizi unagonga kwenye uzi tulimoandikwa.

Jani halipigani.
Linamvulia mwizi kitenge chake:
chukua, jisitiri.
Naye akishavaa, hana tena sababu ya kukimbia.

Nikafunga daftari.
Mtu wa namna hiyo namfahamu.
Nimewahi kumwona akirudi sokoni bila khanga ya juu,
akasema tu, kulikuwa na mzazi pale stendi.

Halishindi ukuta wa risasi, hilo niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu,
nisije nikajidanganya.
Lakini chai niliinywa. Kavu.

Likizo nilimkuta miparachichi ikichipua,
majani machanga mekundu, rangi ya shaba.
"Yanaona haya?" nikamtania.
"Yanavaa," akasema, bila kuinua jembe.
"Jua la huku juu liko karibu. Yakikomaa yatavua."
Darasa la nne, mama yangu. Darasa la nne na nusu.

Juni, kwenye baridi ile inayopasua midomo,
akakutwa na punje titi la kushoto.
Picha sikupiga mimi. Nilimwomba Lugano.
Nilisimama koridoni nikisoma tangazo la chanjo
mara tisa.

Huko mbali tulikopelekwa, daktari alimchora kifuani kwa wino,
akapekua kikapu, akatoa kopo la unga wa majani.
"Chakula kula, mama, mboga, matunda, usiache.
Ila huu unaokoroga vijiko vitatu
uweke kando mpaka tumalize.
Hatutaki kumlinda tunayemfuata."

Mama akanigeukia.
"Kwa hiyo linamvika yeyote?"
"Huenda, mama. Wenyewe bado wanabishana."
"Hata huyu?"
"Hata huyu."

Akafikiri kidogo, kama anayepewa habari za mwanawe
aliyegawa mahindi ya mbegu.
Halafu akatabasamu.
"Ndaga," akasema. Sijui alimshukuru nani.

Akazibua chupa, akanimiminia kikombe kizima,
yake hakumimina.
Wakamwita jina lote, Subilaga Mwakatundu, akaenda
na viatu vyake mkononi.
Mlango ule mnene ukajifunga polepole.

Miaka saba nimekuwa mtu wa upande wa swichi.
Leo nilikuwa benchini, beji nimeisahau nyumbani,
taa nyekundu juu ya mlango imewaka,
kikombe kinaniunguza vidole.

Nikanywa.
Ilikuwa chungu.
Nikanywa yote.